Moto wa Mama Rosina

Siku tulipomzika Elina binti Kaleb, mchungaji alisimama mbele ya jeneza akasema marehemu alikuwa mwanamke mpole, mtii, mwenye kuinama kama suke la mpunga. Nilimtazama Rosina, binti yake, naye akanitazama. Nusura tucheke msibani. Mchungaji yule ni kijana, kashuka kutoka milimani juzi tu, marehemu hakumjua, na nadhani yale ndiyo maneno anayomsomea kila mwanamke anayekufa. Lakini yamenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Mama Rosina hakuinama. Tulijaribu kumwinamisha kijiji kizima, tukashindwa, na mimi nilikuwepo.

Jina langu ni Tatu binti Kibwana, Mzigua wa hapa hapa Handeni. Ni Mwislamu, mtoto wa Mwislamu, na ndivyo nitakavyozikwa. Nasema mapema ili asije mtu akadhani nimetumwa na kanisa. Nilikuwa jirani yake, ua wake na wangu ulitenganishwa na mstari wa mihogo tu, na kuku wetu walitaga popote walipopenda.

Elina alizaliwa Usambara, upande wa Soni. Babu yake alikuwa mganga wa mvua, mtu wa kuogopwa, na vyungu vyake vya mvua vilikuwa virithiwe na Kaleb, baba yake Elina. Kaleb akabatizwa, akavikataa vyungu. Ndugu zake wakamnyang'anya shamba la migomba, akaishi maisha yake yote kwa vibarua. Elina alikuwa akinisimulia habari hizo huku akichambua mchicha, bila machozi, na kidogo kwa kujivuna, kama wengine tunavyojivunia mjomba aliyewahi kwenda Makka.

Aliolewa na mkata mkonge wa shamba moja la upande wa Mnyuzi. Mume akafa kwa homa, na chumba cha kambi kikadaiwa kabla matanga hayajaanuliwa. Elina akahamia Kilole, pale Korogwe mjini, akawa anauza maandazi kwa abiria wa treni. Aliposikia kwamba vijiji vya ujamaa vinagawa shamba kwa yeyote mwenye jembe, hata mwanamke asiye na mume, alifunga virago, akamfunga Rosina mgongoni, akapanda lori lililokuwa linakuja huku kwetu Kwemzindo. Wakati huo Kwemzindo ilikuwa nyumba chache na bendera.

Kumbukeni hilo, maana baadaye walijitia kulisahau. Elina alikuja kwa hiari yake. Sisi wengine tuliletwa. Operesheni ilipopita mwaka wa sabini na nne, tulishushwa kutoka vitongojini, kila ukoo na kilima chake, tukapangwa kwa mistari kama mahindi. Baba mkwe wangu, mzee Mwinjuma, alikuwa mlinzi wa tambiko la mvua, kazi aliyoachiwa na babu yake. Katika purukushani ya kuhama, vijiti vyake vya kupekechea moto wa tambiko vilipotea. Vilikuwa vimekaa darini juu ya jiko miaka na miaka, vikikaushwa na moshi mpaka vikawa vyeusi. Labda viliungua pamoja na paa, labda mtu alivikokea uji. Mzee alivitafuta kwenye majivu ya nyumba yake kwa mikono, asivipate.

Mwaka ule vuli haikunyesha kabisa. Serikali ilituletea unga wa njano, ule tuliouita yanga, na tukaula tukiutukana. Kisima kikawa tope. Ikafika wakati wa kuandaa mashamba kwa ajili ya masika, na mbingu zilikuwa nyeupe kama sahani. Ndipo mzee Mwinjuma akasema lazima tutambike.

Tambiko la mvua la kwao lilikuwa hivi. Siku moja, alfajiri, kila mwenye jiko anauzima moto wake, nyumba kwa nyumba, kijiji kisibaki hata na kaa moja. Na lazima auzime kwa mkono wake mwenyewe. Moto uliozimwa na mtu mwingine hauhesabiwi. Kisha wazee wanakwenda kwenye kaburi la babu wa ukoo, wanapekecha moto mpya pale pale juu ya kaburi, na kila mwanamke anakwenda na kigae chake kupokea kaa. Akipokea anapiga goti, anasema: "Wenyewe, moto ni wenu, mvua ni yenu, nasi ni wenu." Wenyewe ni wale waliolala chini. Anarudi nao nyumbani, anapika, na mvua inakuja. Ndivyo tulivyoambiwa, na bibi zetu waliapa kwamba waliiona ikija.

Mkutano ukaitishwa. Walipiga kile kipande cha reli kilichoning'inizwa mbele ya ofisi ya kijiji, tukakusanyika. Mwenyekiti wetu alikuwa Sadala, mtu wa maneno mengi, ambaye kila mkutano alituhutubia dhidi ya ushirikina mpaka mate yakamkauka. Siku ile alisema hili si ushirikina, hili ni umoja. Mwalimu wa madrasa alinung'unika kidogo, akakohoa, akakaa chini. Wakristo walikuwa nyumba chache, na kanisa lao la fito na udongo. Mzee wao wa kanisa, Ernesti, alisimama akasema mila ni mila na dini ni dini, nao watazima kama wenzao. Tukapiga makofi. Sadala akauliza kama kuna mwenye neno, kwa ile sauti ya mtu anayejua kwamba hakuna.

Elina akainuka. Akawaamkia wazee, akaondoa mkono wa Rosina kwenye khanga yake, akasema yeye hatazima. Alisema hana ugomvi na mvua, muhogo wake una kiu kama wa kila mtu. Wakitaka kuchimba kisima kipya atachimba mpaka jioni. Wakitaka kufunga na kuomba atafunga nao. Lakini yale maneno ya kaburini hawezi kuyasema.

"Mimi nina mwenyewe mmoja," alisema. "Siwezi kupiga goti mbele ya kaburi nikaliambia kwamba mimi ni wake. Nitakuwa nimeliongopea kaburi, na Mungu nimemwibia."

Pakawa na minong'ono. Sadala akatabasamu kama mtu anayemwona mtoto akichezea kisu, akasema: "Ndugu Elina, hapa ni kijiji cha ujamaa. Asiyetaka umoja hana mahali. Siku ya tambiko utazima moto wako, au utahama."

Kuhama ni neno jepesi mdomoni mwa mwenye kaka na shangazi. Elina alikuwa ahamie wapi? Chumba cha kambi kilishachukuliwa. Shamba la baba yake lilikwenda kabla hajaota meno. Alichokuwa nacho duniani ni ile nyumba ya udongo na shamba la muhogo, na muhogo wenyewe mwingi ulikuwa bado mchanga. Muhogo huwezi kuung'oa ukaubeba ukaenda kuupanda kwingine ukala kesho. Kumhamisha mwaka ule ilikuwa ni kumwambia akafe njaa na mtoto wake, na hakuna mtu mkutanoni asiyelijua hilo.

Ernesti alimjia jioni ya pili yake. Mimi nilikuwa uani kwa Elina, nachekecha ule unga wa njano, kwa hiyo nilisikia yote, na sikuondoka hata aliponitazama. Alikuja kwa upole. Alisema mama Rosina asiwatie aibu Wakristo wenzake, wao ni wachache, wanaishi kwa kuvumiliwa. Azime tu, afike kaburini, atikise midomo, nani atajua alichosema. Elina alikuwa akimenya muhogo na hakuacha kumenya.

"Mungu anaangalia moyo, mama Rosina," akasema Ernesti, "haangalii majivu."

"Basi mwombe auangalie wako kwanza, mzee wa kanisa. Wangu anaujua."

Nikacheka ndani ya ungo, unga ukanipanda puani. Ernesti akachukua kofia yake akaenda zake bila kuaga.

Lakini msidhani hakuogopa. Alipoondoka Ernesti, Elina alijaribu kuendelea kumenya, kisha akakiweka kisu chini. Akaniambia anaogopa, na kwamba tangu ule mkutano usingizi haumjii. Nilimhurumia, na nilimkasirikia pia, maana nilikuwa kijana na sikuona ugumu wa jambo. Nikamwambia, si maneno tu, mama, maneno hayana mifupa, yaseme uishi. Alifuta mikono kwenye khanga. Kisha akasema: "Tatu, baba yangu alipoteza migomba yake kwa kukataa neno hilo hilo. Nikilisema mimi leo, nitakuwa nimemwambia alikufa maskini bure." Nikaendelea kuchekecha.

Siku ya tambiko ikafika. Alfajiri nilimwaga maji jikoni kwa mama mkwe wangu, Mwantumu, ambaye alikuwa na homa na hakuweza kujiinua. Alinyoosha mkono akashika ukingo wa kata, ili iwe ni yeye aliyezima. Nikatoka nje. Sijawahi kuona kijiji namna ile. Hakuna moshi. Paa zote zimekaa kimya kama nyumba za watu waliohama. Halafu, kule mwisho wa mstari wetu, juu ya paa la Elina, moshi ukapanda. Haukuwa hata moshi wa kificho. Alikuwa ametia kuni mbichi, nina hakika, mwanamke yule, ili asiwepo mtu wa kusema hakuuona.

Mzee Mwinjuma alikuwa ametumaini kwamba Elina akishaona paa zote hazina moshi, atalegea. Alipouona ule moshi alisimama uani kwetu muda mrefu ameshika fimbo. Vijana hawakungoja. Walichota maji debe zima, wakaenda kwa Elina kwa kelele, na sisi wanawake nyuma yao, kila mmoja akijifanya anapita tu.

Walimkuta amekaa kwenye kigoda kando ya mafiga, Rosina mapajani, anakoroga uji. Hakusimama. Kijana mmoja, Rehani, akainua debe.

"Hayo maji yametoka kisima kipi?" Elina akamwuliza. "Mnayo maji ya kumwaga? Mpelekeeni Mwantumu, ana homa tangu juzi. Moto wangu hauna kiu."

Rehani akabaki debe liko hewani. Kama angeachwa angemwaga, maana alikuwa ameshaaibika mbele ya watu. Ni mzee Mwinjuma aliyefika akihema, akasema liwekwe chini. Akawakumbusha kwamba moto uliozimwa na mtu mwingine hauhesabiwi, wakiumwaga watakuwa wameharibu tambiko kwa mikono yao. Hapo ndipo nilipotambua jambo. Mila yenyewe ilikuwa inamwomba Elina ridhaa yake, na Elina alikuwa haitoi. Hapakuwa na nguvu ya mtu yeyote ya kupita hapo.

Wazee wakaamua waendelee tu. Wakaenda kaburini na vijiti vipya. Mti ulikuwa wa aina ile ile ya zamani, mzee Mwinjuma aliutafuta mpaka akaupata, lakini ulikatwa wiki ile ile. Haukuwa umelala darini wala kunusa moshi. Walipekecha mpaka viganja vikatoka malengelenge. Wakapokezana. Vijiti vikatoa jasho badala ya moto. Mpaka jua linazama walikuwa hawajapata hata cheche, nasi tumepanga mstari na vigae vyetu vitupu, watoto wanalia.

Mtu atauliza, na kiberiti? Duka la kijiji lilikuwa halina kiberiti kama lilivyokuwa halina chumvi wala mafuta ya taa. Na hata kingekuwepo, moto wa tambiko haupokelewi kutoka dukani. Kijiji cha jirani kilikuwa mwendo wa asubuhi nzima, na mila inakataza moto wa nje kuvuka mpaka kabla wa kaburini haujapatikana. Tulikuwa tumejifungia mlango na ufunguo tumeutupa nje. Usiku ule tulikula muhogo mbichi. Unga wa njano ulikuwa umejaa kwenye vikapu, na unga huwezi kuutafuna.

Wengine walisema ni moto wa Elina unaozuia, moto hauzaliwi mwenzake akiwa hai. Lakini asubuhi iliyofuata, walipopekecha tena bure, wazee walikaa wakafikiri, na fikra yao ilikuwa nzuri, siwezi kuidharau. Walisema moto wa Elina haukutoka nje, umo ndani ya mpaka. Kama ataubeba mwenyewe mpaka kaburini, kwa mkono wake, na kuukabidhi kwa yale maneno, basi utakuwa moto wa wenyewe, na tambiko litatimia.

Wakamwendea. Safari hii hapakuwa na kelele. Sadala alikuwa amevaa shati safi. Mzee Mwinjuma alibeba mkeka, ule ambao wanaukalia wanawake wakubwa wa ukoo tu, akautandika uani kwa Elina kwa mikono yake. Alimwita mwanangu. Alimwambia akiupeleka moto huu ataitwa mama wa moto, kila tambiko litaanza kwake, na mjukuu wake atalikuta jina hilo. Sadala akaongeza kwamba kijiji kitampa shamba bondeni, kwenye udongo mweusi, pale ambapo hata wake wa wajumbe walikuwa wanapatamani.

Niliona wivu, nasema kweli. Na nilimwona Elina akiutazama ule mkeka. Hapo ndipo alipojaribiwa. Vitisho alivizoea tangu tumboni, lakini heshima hakuna aliyewahi kumpa. Mwanamke mgeni, mjane, Mshambaa katikati ya Wazigua, ambaye kisimani alikuwa anachota wa mwisho, leo ametandikiwa mkeka. Alishika bega la Rosina. Nikajua atakaa.

Hakukaa. Alikunja ule mkeka taratibu, akaurudisha mikononi mwa baba mkwe wangu kwa mikono miwili, kama mtu anavyorudisha kitu cha thamani.

"Moto wa uji upo, baba," alisema. "Aje yeyote na kigae chake, sitamwuliza neno. Moto wa kaburi sina."

Sadala akawaka kuliko moto wenyewe. Akasema kesho kutakuwa na mkutano na Elina afunge mizigo. Mzee Mwinjuma aliuweka mkeka begani akarudi kaburini kwenye vijiti vyake.

Mimi nikarudi ndani. Mama mkwe alikuwa analala na kuamka, midomo imepasuka, ananiomba uji kwa sauti ambayo sikuitambua. Nilimpa maji, akayatema. Nikatazama lile jiko, lile jivu lililoloa. Nikawaza habari za wenyewe waliolala chini, nikaona kwamba mwenyewe wangu alikuwa amelala pale kitandani na anataka uji. Nikachukua kigae.

"Shikamoo, mama Rosina. Naomba moto."

"Marahaba. Chagua kaa kubwa, hilo dogo litafia njiani."

Basi. Hakunitaka niseme Mungu wake ni mkubwa, wala hakunikumbusha makofi niliyopiga mkutanoni. Alinifunikia kaa kwa jivu la moto ili upepo usilimalize, akanishikia mlango.

Moshi wangu ulipopanda, ua wa pili wakaona. Kabla uji haujachemka, nilisikia hatua njiani. Wanawake walikuja mmoja mmoja kwanza, kisha wakaja kwa makundi, na vigae, na vifuu, na vibuyu vilivyovunjika. Mke wa Ernesti alikuja amejifunika khanga mpaka machoni, kana kwamba kuna mtu asiyeijua khanga yake. Hamisa, mke wa Sadala, alikuja kwa mlango wa nyuma. Elina aliwagawia wote sawasawa. Kuni zake zilipopungua, waliokuja nyuma walikuja na kuni. Jioni kijiji kizima kilikuwa kinafuka moshi.

Mzee Mwinjuma alirudi kutoka kaburini magharibi, viganja vimefungwa matambara. Mama mkwe alikuwa ameinuka ameegemea ukuta, bakuli mkononi. Nilimtengea mzee uji wake. Alikunywa kidogo, akauliza moto umetoka wapi. Nikamwambia. Alitazama lile bakuli, akamtazama mkewe, akaendelea kunywa mpaka akamaliza, kisha akaniambia nimwongezee.

Asubuhi reli ikagongwa. Nilikwenda na moyo mzito, maana Sadala alikuwa ameleta lori. Lilisimama kando ya ofisi, dereva analala. Sadala alisema maneno mengi: Ndugu Elina amevunja umoja, amekataa kuzima, amekataa kutoa, kisha amegawa moto wake nyumba kwa nyumba na kuliharibu tambiko kabisa. Moto ule ni wa uasi. Kijiji kilishaamua, apakie vitu vyake saa ile ile.

Elina alikuwa amesimama peke yake na Rosina. Hakuwa amefunga hata kikapu. Ernesti alikuwa anaangalia viatu vyake. Nilitaka kusema neno, mume wangu Mdoe akanishika kiwiko.

Elina alitembea mpaka katikati.

"Mlisema nizime moto au nihame," alisema. "Sawa. Lakini moto wangu sasa hauko kwangu peke yangu. Uko kwa Sadala. Uko kwa Ernesti. Uko kwa kila mtu aliyekula jana usiku. Kama ni moto wa uasi, mwenyekiti, nenda nyumbani ukauzime wako kwa mkono wako, na hawa wote wazime, mbele ya watoto wao. Wakimaliza, wa mwisho nitazima mimi, nitapanda lori."

Hamisa akatazama juu ya paa lake. Wote tukatazama. Moshi ulikuwa unatoka kila mahali, mwembamba, wa kunde na wa uji. Hakuna aliyesogea. Sadala alifungua mdomo, kisha akatazama upande wa wazee aone nani atamwokoa.

Mzee Mwinjuma akainuka kwa msaada wa fimbo. Nilijua yeye akisema ahame, atahama, maana tambiko lilikuwa lake na hasara ilikuwa yake.

"Mke wangu, mama Mdoe, ameinjika kunde," alisema. "Mimi siendi kumzimia moto." Akageuka akaanza kutembea kwenda nyumbani. Wazee wenzake wakamfuata, kisha wanawake, maana ni kweli vyungu vilikuwa motoni na vinaungua. Sadala akabaki na kipande chake cha reli na dereva wa lori.

Mvua ilikuja masika yalipokuwa yanaelekea ukingoni, chache, ya kusuasua. Wako waliosema ni Mungu wa Elina, wako waliosema ni wenyewe wameona haya, na Elina hakuingia kwenye ubishi huo, alikwenda kupalilia. Muhogo wake aliula. Shamba la bondeni hakupewa, na kisimani waliendelea kumfanya achote wa mwisho kwa miaka mingi. Jumapili alikwenda kwenye lile kanisa la fito, akakaa mbele, nyuma ya kisogo cha Ernesti, akaimba kwa sauti kubwa mpaka sisi tulioko nje tulisikia.

Na sasa wamemzika, na mchungaji amesema alikuwa mpole, mwenye kuinama. Baada ya mazishi nilimkuta uani kwa marehemu anangoja chakula. Wanawake walikuwa wanapika kwenye yale yale mafiga. Nilimwuliza, baba mchungaji, unaona njaa? Akasema ndiyo, mama. Nikamvutia kigoda karibu na moto, nikamwambia akae, nimwambie aliyemzika ni nani.